Mgeni na Barua ya Utambulisho

Wapendwa katika Kristo, wiki hii nimesumbuliwa na neno moja: “Nalikuwa mgeni, mkanikaribisha.” Jumatatu jioni mama mmoja kutoka Burundi, mwenye watoto wawili, aliomba hifadhi katika chumba cha jumuiya ambacho ufunguo wake ninautunza mimi, nami nikamwambia kwa upole kabisa alete kwanza barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Aliitikia, “Haya, baba,” akamfunga mdogo mgongoni, akaenda zake.

Jumatano nilipita kwenye makaburi ya Wapolandi hapa Tengeru, karibu na Arusha. Watu wale, wengi wao wanawake na watoto, walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na utawala wa Stalin hadi Siberia na Kazakhstan. Walipoachiliwa mwaka 1941 walifika Uajemi, na kuanzia 1942 wakaletwa kwa meli Afrika Mashariki. Wakoloni wa Kiingereza, hapa kwetu wakiwa chini ya Gavana Wilfrid Jackson, waliwapokea kwa hesabu kali: wakae katika kambi zao, na wawe wa kupita tu mpaka Vita Kuu ya Pili iishe. Wapatao 5,000 waliishi hapa katika nyumba za msonge. (Serikali hiyohiyo iliwakamata Waafrika wakafanye kazi kwa lazima mashamba ya mkonge, kwa hiyo tusiisifu kupita kiasi.)

Nimezoea kuwabeza maofisa wale. Hata hivyo, pamoja na hesabu zao walifungua lango, ilhali mimi niliyeongoza sala Jumapili nililifunga kwa kudai karatasi. Ndugu zangu, barua ina mahali pake, na mwenyekiti wa mtaa ana haki ya kujua nani ameingia. Lakini mtoto mwenye njaa haambiwi asubiri muhuri. Sisi wazee wa jumuiya tumekuwa mafundi wa kukataa bila kutamka neno hapana: njoo kesho, mhusika hayupo, tutalijadili kikaoni. Bwana alipokuwa mgeni mlangoni petu, tulimjibu hivyo hivyo, tena kwa tabasamu.

Alhamisi nilimtafuta yule mama hadi sokoni, na muuza ndizi mmoja akaniambia alimwona akipanda daladala ya kwenda Usa River. Ufunguo ungali kwenye droo yangu. Leo jioni, kabla hatujaanza sala, nitauweka mezani mbele yenu, mwingine autunze.