Daftari la vitabu: kutoka "kizuri sana" hadi "kitamchosha nani"

Kwa anayeukuta mradi huu leo: mimi nauza vifaa vya umeme Ngamiani, hapa Tanga, na chini ya kaunta, pembeni ya balbu, ninalo daftari. Kila riwaya ninayopendekezewa na wasomaji wenzangu wa mtandaoni naiandika humo: nani kaitaja, kasema nini, na mwenyewe niliionaje baada ya kuisoma. Tunakutana kwenye kundi la WhatsApp. Wengi tupo Tanga mjini, Muheza na Pangani, wachache Mombasa, na mmoja yuko Muscat. Ninachotafuta ni kidogo tu. Nataka kujua neno la nani nilisikilize kabla sijatoa hela.

Februari

Safu ya "kasema nini" imejaa na haina kitu. Kizuri sana. Kitabu bora. Hutajuta.

Nilipokaa kuyapanga mapendekezo niliona kuwa karibu yote yametoka darasani. Takadini, Watoto wa Mama Ntilie na Joka la Mdimu ni vya waliofika kidato cha nne. Waliofika cha sita wanaongeza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, Kufikirika ya Shaaban Robert na Mfadhili ya Hussein Tuwa. Sina ugomvi na vitabu hivyo, na Vuta N'kuvute naweza kuirudia hata kesho. Tatizo ni jibu unalopata ukimwuliza mtu kwa nini kakipenda. Anajibu kama msimamizi wa mtihani kasimama nyuma ya kiti chake: dhamira kuu ni ukombozi, wahusika wamegawanyika katika makundi mawili, mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kimaudhui na kifani. Mtu kamaliza shule zamani, ana watoto, ana genge lake la matunda, na bado anamwandikia msahihishaji.

Aliyevunja ukimya huo ni dada mmoja nesi wa Muheza. Watu walikuwa wanaisifu Vuta N'kuvute kwa mtindo ule ule, naye akaandika: "Mimi humo namtaka Mwajuma. Denge akianza siasa zake nafunua kurasa haraka mpaka Mwajuma arudi." Kundi likawaka. Wakamwambia hajaelewa kitabu, maana Denge ndiye mpigania uhuru mwenyewe. Dada hakurudi nyuma. Akasema Yasmini kakimbia ndoa ya mzee Raza akaangukia kwa Mwajuma, Mwajuma kampa pa kulala na kicheko, sasa nani kamkomboa mwenzake?

Sikubaliani naye kuhusu Denge. Lakini kwa sentensi mbili nilijua zaidi juu ya kitabu na juu ya msomaji kuliko kwa sifa zote za mwezi ule. Nikaandika jina lake daftarini kwa wino mwekundu.

Machi

Nimeomba utaratibu mpya: anayependekeza kitabu aongeze mstari mmoja, nani asikisome na kwa nini. Hoja yangu ni kwamba sifa kila mtu anaweza kuzikopa kwa mwenzake, lakini ukisema kitabu hakimfai nani inabidi uwe umekisoma kweli.

Upinzani ukatoka Makorora, kwa mwalimu wetu mstaafu. Yeye huwa hachangii mpaka wadogo wote wamalize shikamoo zao, kisha anajibu marahaba moja ya jumla na kuanza kuandika taratibu. Akatukumbusha habari ya riwaya ya Rosa Mistika. Kezilahabi aliitoa mwaka 1971, na shuleni ikapigwa marufuku kwa jinsi ilivyoyaeleza wazi mambo ya wasichana na wanaume. Yeye aliisoma imevalishwa jalada la gazeti. "Mimi nimeshawahi kuambiwa nani asisome nini," akamalizia. "Sitaki kuambiwa tena na muuza balbu."

Dukani nilicheka peke yangu, mteja akadhani namcheka yeye. Ila mwalimu alikuwa na haki, na hakuishia kukataa. Alileta swali lake mwenyewe: tuulizane kitabu kitamchosha nani. Anayechoka ataamua mwenyewe kufunga. Tukalipitisha, na ndilo tunalolitumia mpaka leo.

Tofauti ilionekana wiki hiyo hiyo. Kijana wetu wa Pongwe, anayefanya kazi kiwanda cha saruji, alileta Nagona, ya Kezilahabi pia. Ni kijitabu chembamba, unakimaliza ndani ya safari ya kwenda Korogwe ukipenda. Akaandika: "Kitamchosha anayesubiri kisa kianze. Mimi nilisubiri mpaka kitabu kikaisha." Mwalimu akamjibu kwa sauti, ujumbe mrefu wa kumaliza bando, kwamba Nagona haisomwi kwa kufuata tukio, husomwa kama mtu anavyosikiliza ndoto ya mwenzake, hukatizi kuuliza "halafu?" Kijana akaenda kuirudia. Aliporudi akasema bado imemchosha, ila safari hii anajua imemchoshea wapi. Maoni yote mawili nimeyaandika ukurasa mmoja, na mtu akiniuliza kuhusu Nagona nampigia picha ukurasa huo, namtumia.

Aprili

Mvua za masika, wateja wachache, usomaji mwingi.

Mwezi huu umekuwa wa Siku Njema ya Ken Walibora. Aliyeileta ni mwalimu mmoja wa Mombasa, ambaye kwao Kenya ilikuwa kitabu cha mtihani. Alishangaa kuwa sisi wa Tanga hatukuisoma, wakati inaanzia kwetu: Kongowea Mswahili, mtoto wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu wa mji huu, anayekuja kuondoka kumtafuta baba mpaka Kapenguria. Nakala zikatafutwa. Tuliposoma, mazungumzo hayakufika kwa Kongowea hata kidogo. Tulikuwa tunautafuta mji wetu. Huyu anauliza mtaa, yule anasema nyumba kama hiyo angeijua, mwingine anatuma picha ya Raskazone jioni, majahazi yamelala, kama ushahidi wa kesi ambayo hakuna aliyeifungua.

Mwenzetu wa Mombasa akachokoza. Akasema labda mwandishi aliiweka taarabu Tanga kwa kupenda tu, maana taarabu kwake ni Unguja, Lamu na Mombasa. Hapo mwalimu wa Makorora hakungoja shikamoo. Akauliza kama kijana amewahi kusikia Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapa hapa Tanga, na sauti ya Shakila, na jinsi Tanga ilivyoingiza magitaa kwenye taarabu wakati wengine wameshikilia ala za udi na kanuni. Baada yake zikafuata nyimbo, moja baada ya nyingine, usiku mzima. Kwa upande wa vitabu mwezi huu ni hasara. Kwa upande mwingine, wa Mombasa ameomba radhi na kuomba nyimbo zaidi.

Kwenye "kitamchosha nani" nimeandika: mtu asiyevumilia bahati kumwangukia mhusika kila akikwama. Wa Mombasa hajapenda. Anasema ni safari, na msafiri anahitaji bahati. Nimeliandika na lake.

Mei

Mwezi wa kutafuta nakala, ambao ndio unaoniudhi kuliko yote. Maduka ya vitabu hapa mjini yanaishi kwa vitabu vya kiada, madaftari na kalamu. Riwaya ukiikuta, ni ile ya mtihani. Nyingine inabidi mtu wa Dar anunue, akabidhi ofisi ya basi, nasi tuifuate stendi ya Kange. Wanaotuma PDF zilizopigwa picha kwa simu, nusu ya ukurasa kidole, nimewaambia wazi kwamba siziingizi daftarini. Kuna wanaoniona mgumu. Lakini hatuwezi kulalamika kuwa riwaya za Kiswahili hazichapwi upya huku tukizinyima wanunuzi. Kitabu ambacho hakipo sokoni kabisa kinaazimwa mkono kwa mkono, na hapo nako kuna vita vyake. Tanga wanasema waja leo waondoka leo. Vitabu vyangu vimeshika hilo la kuondoka.

Kifurushi kilichofika salama kilikuwa na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobeli. Yule wa Muscat aliwahi kuisoma kwa Kiingereza, toleo la 1994, na alikuja na maoni yake tayari: kwa Kiingereza alimwona Yusufu kwa mbali, mtoto aliyewekwa rehani kwa tajiri Aziz kwa deni la baba yake. Kwa Kiswahili, anasema, zile salamu, kejeli za dukani na maneno ya wapagazi zinamfanya asikie sauti za wajomba zake.

Nesi wetu aliipa mstari mfupi: "Itamchosha anayetaka Aziz alipe." Akaanza kueleza mwisho, tukamzuia kabla hajamwaga mtama. Hilo nalo sasa ni sharti: mwisho wa kitabu haujadiliwi mpaka aliyeomba nakala ya mwisho aseme amemaliza.

Juni

Nimeanza kusoma daftari kutoka nyuma kwenda mbele, na limenionyesha kitu ambacho sikukitegemea. Nilidhani mshauri wangu mzuri atakuwa yule tunayepatana ladha. Kijana wa Pongwe na mimi tunapenda vitabu vile vile, lakini mapendekezo yake hayanisaidii, kwa sababu anavyovijua yeye nami ninavijua. Anayenisaidia ni nesi, ambaye hatupatani karibu kwa lolote. Yeye anachoka siasa zikiingia, anachoka mwandishi akianza kufikiri kwa sauti, anachoka wahusika wakikaa barazani kurasa nyingi bila jambo kutokea. Akisema kitabu kimemchosha na akanieleza ni kwa lipi kati ya hayo, mimi natafuta nakala siku hiyo hiyo. Nimemwambia. Kanijibu kuwa basi ataanza kunitoza.

Mwalimu naye ana wivu kidogo. Anadai wino mwekundu.

Mzunguko ujao ni wa upelelezi, kwa ombi la Pongwe, baada ya kunung'unika kwamba tumemlisha ndoto na majonzi ya kutosha. Tunaanza na mpelelezi Bwana Msa, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960. Nakala ni ya mwalimu, jalada limeshonwa kwa uzi, na ameiachia kwa masharti: haipigwi picha, haifungwi kwenye mfuko wa plastiki wa samaki, na anayeichukua anaandika jina. Nesi ni wa kwanza kwenye foleni kwa kuwa kaapa itamchosha. Wa Pongwe wa pili. Mimi nimewekwa mwisho, na aliyeniweka huko ni mwalimu mwenyewe. Anasema muuza balbu atakaa nayo.