Kumbukumbu ya mradi wangu: sarafu 23 za Kichina, nimefika namba 17

Sarafu zote 23 alizinunua mjomba kule Guangzhou, kwenye meza za barabarani, siku alipokwenda kufunga mzigo wake. Alinikabidhi mfuko mzima: "Haya mjomba, wewe mpenda vya kale, hizo zako." Tangu hapo nazipitia moja moja kutambua zipi za kale kweli na zipi nakala, kila moja na bahasha yake yenye namba.

Vifaa ni vilevile: mizani ndogo ya sonara, kalipa ya kupimia kipenyo, kioo cha kukuzia, pamba na asetoni. Sumaku nimeiweka kando. Mwanzoni niliitegemea sana kubaini nakala, nikidhani sarafu ya kweli haivutwi, kisha nikajifunza kwamba enzi ya watawala wa Song huko China walisubu (yaani walimimina madini yaliyoyeyuka kwenye kalibu) hata sarafu za chuma, na baadhi ya zile za shaba zina chembe za chuma zinazotosha kuvutwa.

Wiki hii iliyonishughulisha zaidi ni namba 9, yenye maandishi Kaiyuan Tongbao, aina iliyoanza mwaka 621 chini ya watawala wa Tang. Kwa kawaida huwa na kipenyo cha milimita 24 hivi na uzito wa karibu gramu 4. Yangu ni milimita 23.1 na gramu 2.9. Hilo peke yake si ushahidi, maana uzito uliyumba miaka ile. Kilichonishtua ni herufi. Chini ya kioo zimevimba kama mshumaa ulioanza kuyeyuka, na katikati yake pana vitundu vidogo vidogo. Mtu akichukua sarafu ya zamani akaifanyia kalibu, shaba mpya husinyaa ikipoa, kwa hiyo nakala hutoka ndogo na herufi hupoteza ukali. Nikalowesha pamba kwa asetoni, nikasugua taratibu ile kutu ya kijani. Pamba ikatoka na rangi kama ya ukutani, na chini yake shaba ikang'aa manjano. Kutu ya kweli imeota kutoka kwenye shaba yenyewe, asetoni haiing'oi. Namba 9 imekwenda kwenye boksi la nakala.

Nimeonyeshwa jambo jingine na mzee sonara wa mtaani kwetu. Nilimpa namba 12, Qianlong Tongbao (1736–1795), akaigeuza ubavu: "Tazama ukingo, mwanangu." Una mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja. Sarafu hizi zilitoka kwenye kalibu zikiwa zimeshikana kama majani kwenye tawi. Zilikatwa, zikatungwa kwenye fimbo ya pembe nne, kisha zikapigwa tupa kwa pamoja, na tundu la mraba la katikati likazizuia zisizunguke. Miezi yote hiyo nilikuwa nakodolea macho nyuso tu. Ilibidi nirudie namba 1 hadi 11, na mbili zimebadilisha boksi.

Halafu namba 14. Imeandikwa Yuanfeng Tongbao, jina la miaka ya 1078–1085 ya Song. Uzito uko sawa, kutu ni imara, ukingo una alama za tupa. Lakini mwandiko hauendani na wa Song hata kidogo. Nimelinganisha jioni tatu, na sasa naamini ilisubiwa Nagasaki, Japani. Huko, kati ya 1659 na 1685, walitengeneza sarafu zenye jina hilohilo la Song kwa ajili ya biashara ya nje, na nyingi zilipelekwa Vietnam. Je, ni bandia? Kwangu mimi, hapana. Haikutengenezwa kumhadaa mkusanyaji, ilitengenezwa ikanunue vitu sokoni. Kwa sababu yake nimefuta maneno "halisi" na "bandia" kwenye bahasha zote. Sasa naandika ilisubiwa wapi, lini, na kwa kazi gani.

Hapo ndipo nazionea wivu zile za Kajengwa, Makunduchi, Unguja, ambako mwaka 1945 ilifukuliwa akiba ya sarafu za Kichina, nyingi zikiwa za Song, na ile Yongle Tongbao, sarafu ya enzi ya Ming, iliyopatikana kisiwani Manda, Kenya, mwaka 2013. Zile zinajulikana zilipolala. Zangu zilipitia mikono mingapi kabla ya kufika kwenye ile meza ya Guangzhou, hakuna wa kuniambia, kwa hiyo kila kitu inabidi nikisome kwenye shaba yenyewe.

Bahasha ya 14 nimeiandika kwa penseli: "Nagasaki, karne ya 17, biashara ya nje." Zimebaki sita. Inayofuata ni Wuzhu, aina iliyoanza mwaka 118 KK. Kutu imemeza herufi ya kulia yote, kwa hiyo nimeilaza kwenye maji yaliyochujwa, na sitaigusa kwa ncha yoyote mpaka ilainike.