Kabla hujanunua sistimu ya jimu, kasimame mapokezi jioni moja

Wiki hii kuna jamaa anayefungua jimu yake ya kwanza kanipigia simu, swali lake moja tu, ninunue sistimu gani, yaani programu ya kompyuta ya kusimamia wanachama, malipo na mlango. Nikamuuliza, wanachama wako wakiacha kuja utajuaje? Akakaa kimya kidogo halafu akasema si wataacha kulipa. Basi nikaona bora niandike, maana hilo jibu na mimi kwenye jimu yangu nililibeba miaka kadhaa na limenipotezea watu wengi sana.

Mtu anaweza kulipa na asije. Tena kwa muda mrefu tu. Kuna wanauchumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, mwaka 2006 walitoa utafiti wao, walichukua rekodi za wanachama zaidi ya 7,000 kwenye jimu tatu za Marekani wakaangalia watu wanalipaje na wanakuja mara ngapi. Wale wa kulipia mwezi, zaidi ya dola 70, walikuwa wanakuja wastani wa mara 4.3 kwa mwezi, yaani kila wakiingia wanakuwa wamelipa zaidi ya dola 17 wakati hapo hapo kulikuwa na kadi ya mara kumi ambayo kila kuingia ni dola 10. Ila kilichonikaa mimi kichwani ni kitu kingine. Toka siku mtu alipofanya mazoezi mara ya mwisho mpaka siku anakata uanachama, ilikuwa inapita miezi miwili na zaidi.

Najua kuna wenye jimu wakisoma hapo wanaona hela ya bure ya miezi miwili. Mi naona miezi miwili ambayo mtu wako alikuwa anaondoka taratibu na wewe ulikuwa na muda wa kumpigia simu na hukupiga. Na akija kushtuka kwamba amelipa na hajatia mguu, anakata kwa hasira, harudi tena na hakuletei rafiki.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachomwambia muuzaji yeyote wa programu siku ya demo, akija kunionyesha inavyofanya kazi, ni hiki: nionyeshe watu wote waliolipa lakini hawajaonekana siku 14. Usinielezee, nionyeshe, nikiwa naangalia skrini. Kama anabonyeza mara mbili orodha inatoka na namba za simu, tuendelee kuongea. Kama anaanza kuniambia hiyo ripoti inaweza kutengenezwa, au ipo kwenye kifurushi cha juu, au nitoe data niende nikachuje mwenyewe kwenye Excel, basi hiyo programu imetengenezwa kuhesabu hela tu.

Sasa hiyo orodha itakuwa ya kweli kama tu kila anayeingia anarekodiwa, na hapa ndipo wengi tunapokosea kwa sababu anayechagua programu ni mwenye jimu, amekaa ofisini, asubuhi kumetulia, ila anayeitumia ni dada wa mapokezi saa ile ya jioni watu wametoka makazini wote wanaingia pamoja, simu inaita, mmoja anataka taulo, mwingine anabisha kwamba alishalipa, na darasa linaanza dakika tano zijazo. Sistimu yangu ya kwanza kusajili kuingia kwa mtu mmoja ilikuwa tafuta jina, fungua ukurasa wake, bonyeza mahudhurio, chagua tarehe, hifadhi. Foleni ikifika mlangoni dada anaacha kurekodi anawapungia mkono tu wapite, na mi simlaumu hata kidogo, ningefanya hivyo hivyo. Mwisho wa mwezi ripoti inasema jioni zangu hazina watu, na kwa ripoti hiyo nikapunguza darasa moja la jioni. Lilikuwa linajaa! Watu walinuna na walikuwa na haki.

Ndo maana nasema nenda kasimame pale mwenyewe saa ya msongamano, hesabu wanaingia wangapi ndani ya dakika kumi, halafu kwenye majaribio ya programu kabla ya kununua mpe yule dada laptop afanye kazi nayo wiki nzima, wewe usimsaidie. Akisema inamchosha, mwamini yeye kuliko muuzaji.

Njia za kuingilia ziko nyingi, kadi, msimbo wa QR kwenye simu, namba ya siri, alama ya kidole, sura. Mi nipo upande wa kadi na QR. Kidole kinavutia kwa sababu mtu hawezi kumuazima mwenzake, hiyo kweli, lakini mikono ya jimu ina jasho na chaki na mashine inakataa kusoma, na kubwa zaidi ni kwamba kadi ikipotea unampa mtu nyingine, ila alama za vidole zikiibiwa kwenye kompyuta yako huna cha kumbadilishia. Sheria ya data ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018 inaziweka alama za mwili za kumtambua mtu kwenye kundi moja na taarifa za afya, yaani zile za kulindwa zaidi. Na Uingereza, Februari 2024, mamlaka ya kulinda taarifa iliiamuru Serco Leisure, wanaoendesha vituo vya michezo na mazoezi, waache kutumia sura na vidole kuangalia mahudhurio ya wafanyakazi zaidi ya 2,000 kwenye vituo 38. Hao walikuwa wafanyakazi, sio wanachama, lakini hoja ni ile ile: kama kadi inatosha kufanya hiyo kazi, sura ya mtu unaichukua ya nini?

Halafu uliza intaneti ikikatika mlango unafanyaje. Uliza kabisa, usione aibu. Kuna siku ya kwangu ilikatika alfajiri, mlango umeunganishwa na sistimu, sistimu ipo kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, watu wamesimama nje na mabegi yao na dada ananipigia, bosi mlango umegoma. Programu nzuri inaacha nakala ya orodha ya wanachama kwenye kifaa cha mlangoni, intaneti ikirudi inapeleka rekodi zote juu. Na kwa usalama wa moto, mlango lazima ufunguke kwa mkono kutoka ndani, hata umeme ukikatika, hilo halina mjadala.

Mambo ya madarasa, orodha ya wanaosubiri, meseji za kukumbusha, siku hizi karibu wote wanayo na yanafanana, sitakaa hapo. Angalia tu imeanzia wapi, maana asili ya programu haifichiki. Mindbody ilianza 2001 na mpaka leo ni watu wa studio, yoga, pilates, vitu vya kuwekea nafasi kwa saa. Wodify ni ya watu wa CrossFit, yale mazoezi makali ya mchanganyiko ya kikundi, kurekodi mazoezi ya siku na uzito alionyanyua kila mtu ndo moyo wake. Kama jimu yako ni vyuma na mashine na watu wanaingia muda wowote wanaotaka, nusu ya vitu hivyo utalipia na hutavigusa. Na kama una wanachama 40 unaowajua kwa majina, baki na Excel kwanza, nakwambia kwa roho safi, weka bakapu kila siku na hela hiyo nunua dambeli.

Kwenye malipo kuna jambo moja halizungumzwi. Wanachama wakilipa kwa kadi ya benki kwa kukatwa kila mwezi, namba zile za kadi hukai nazo wewe, na hutakiwi kukaa nazo, zinakaa kwa kampuni ya malipo na sistimu yako inashika tokeni tu, yaani kodi maalum inayosimama badala ya namba ya kadi. Siku unahama, majina na simu utaondoka nazo, ila tokeni nyingi zinafanya kazi kwa kampuni ile ile iliyozitoa tu. Kampuni moja ya malipo inaweza kuihamishia nyingine hizo kadi kwa njia salama, ila ni mpaka ikubali, kwa hiyo swali linaulizwa kabla ya kusaini na jibu linakuwa kwa maandishi. La sivyo utaanza kumuomba kila mwanachama aingize kadi upya. Na wale waliokuwa wameacha kuja kimya kimya hawatajibu hiyo meseji, hapo ndo utajua walikuwa wangapi.

Usifikiri hutahama. Hizi kampuni zinanunuana sana, Mindbody iliinunua ClassPass 2021, Glofox ya Ireland ikachukuliwa na ABC Fitness 2022, na mwenye mali akibadilika vifurushi vinaweza kubadilika na sapoti pia. Mi nilipohama ile sistimu ya kwanza nilipewa faili la CSV, jedwali la kawaida linalofunguka kwenye Excel, lenye majina na namba za simu, basi. Historia ya mahudhurio ya miaka mitatu haikuwemo, wakasema haitoki. Siku hizi kwenye wiki ya majaribio naingiza watu kumi wa uongo, nawaingiza na kuwatoa mlangoni siku kadhaa, mmoja namsimamishia malipo, mwingine namrudishia hela, halafu nabonyeza kutoa data yote nione kinachotoka. Kama tarehe za kuingia hazipo kwenye faili, naachana nao.

Hiyo ya kusimamisha malipo ijaribu vizuri. Mtu akisafiri au akiumia asilazimike kukata, na tarehe yake ya mwisho isogee yenyewe bila dada kukokotoa kwa kalkuleta. Sistimu niliyonayo sasa inafanya hivyo, haina urembo, apu yake kwenye simu ni nzito kiasi, ila orodha ya siku 14 inatoka kila Jumatatu asubuhi na dada anapiga simu moja moja. Jumatatu hii walikuwa 11. Tisa wakapokea. Mmoja alikuwa amevunjika mkono, anakatwa hela kila mwezi na hakujua kama inawezekana kusimamisha. Tukamsimamishia akiwa bado kwenye simu, akauliza kama anaweza kuja kufanya mazoezi ya miguu tu.