Nilivyojifunza kumtambua kocha wa NBA aliyekalia kuti kavu

Msimu wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, unapokaribia, mimi na marafiki zangu wachache tunaopenda kikapu huwa na ubishi wetu: ni kocha mkuu yupi ambaye kibarua chake kitaota nyasi kwanza? Njia iliyozoeleka ni kuangalia timu dhaifu kuliko zote na kumtaja kocha wake. Niliitumia kwa misimu mingi, haikunisaidia chochote.

Niliiacha moja kwa moja mwaka 2023. Mei ya mwaka ule Milwaukee Bucks walimtimua Mike Budenholzer, aliyewapa ubingwa 2021 na ambaye timu yake ndiyo kwanza ilikuwa imeongoza ligi nzima kwa ushindi 58, ikatolewa na Miami raundi ya kwanza. Siku chache baadaye Phoenix Suns wakamwondoa Monty Williams, kocha bora wa mwaka 2022. Kisha Philadelphia wakaachana na Doc Rivers. Hakuna aliyekuwa na timu mbovu. Nikafungua jedwali kwenye kompyuta na kuanza kurudi nyuma, kocha mmoja baada ya mwingine, nikiandika kila kitu ninachoweza kukithibitisha kuhusu hali ya timu siku alipofukuzwa.

Safu ya kwanza ilikuwa ya ushindi na vipigo, na ndiyo niliyokuja kuisukuma mwisho kabisa. Dwane Casey alishinda mechi 59 na Toronto msimu wa 2017-18, akafukuzwa Mei, na tuzo ya kocha bora wa mwaka ikamkuta Juni akiwa tayari amehamia Detroit. George Karl alishinda 57 na Denver mwaka 2013, akapewa tuzo hiyo hiyo, akaondolewa. David Blatt aliachishwa Cleveland Januari 2016 akiwa na ushindi 30 na vipigo 11. Adrian Griffin, Januari 2024, Milwaukee: 30 kwa 13. Upande wa pili yupo Mark Daigneault wa Oklahoma City. Misimu yake miwili ya kwanza alishinda 22, kisha 24, na hakuna aliyemgusa. Mwaka 2025 akatwaa ubingwa.

Nilipowaweka Griffin na Daigneault karibu karibu ndipo nikaona cha kutafuta. Oklahoma City walikuwa wanajenga: wamekusanya lundo la haki za kuchagua chipukizi kwenye drafti, na kila mtu ofisini alijua kwamba watafungwa. Milwaukee walikuwa wameshatoa karibu haki zao zote. Nikaongeza safu yenye swali moja: timu hii ikikwama, ina kitu gani kingine cha kubadilisha zaidi ya kocha?

Safu hiyo ndiyo iliyonifungulia mlango, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu. Katika NBA mishahara ya wachezaji ina kikomo, na mikataba yao mingi inalipwa hata mchezaji akiachwa. Mkataba kati ya ligi na chama cha wachezaji ulioanza 2023 ukakaza zaidi. Timu inayovuka kiwango cha juu kabisa, wanachokiita aproni ya pili, hairuhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili impate mmoja mkubwa, wala kupokea mishahara inayozidi ile inayoitoa. Inakuwa imefungwa mikono. Mshahara wa kocha, kwa upande wake, hauhesabiwi kwenye kikomo hicho hata kidogo. Tajiri anaweza kumlipa kocha wa zamani akae nyumbani, akamlipa na mpya, bila kanuni yoyote ya mishahara kuguswa. Ndiyo maana presha ikipanda, mkono unaenda kwa kocha kwanza. Ni kitu pekee kwenye timu kinachobadilishwa kwa simu moja.

Phoenix ni mfano wa kufundishia. Mat Ishbia aliinunua timu Februari 2023, na papo hapo akamleta Kevin Durant kwa kutoa haki nne za raundi ya kwanza ya drafti. Baadaye akaja Bradley Beal, aliyekuwa na kipengele kwenye mkataba kilichomruhusu kukataa kuuzwa. Sasa fikiria: haki za drafti zimekwenda, mishahara imevuka aproni ya pili, Beal haondoki bila ridhaa yake. Nani amebaki? Monty Williams alikuwa ameshaondoka 2023. Frank Vogel, bingwa wa 2020 na Lakers, akaja, akashinda 49, akaondoka 2024. Akaja Budenholzer yule yule wa Milwaukee, akashinda 36, akaondoka Aprili 2025. Makocha watatu kwa misimu mitatu mfululizo, na huyu wa tatu nilikuwa nimemwandika juu ya orodha yangu tangu mwanzo wa msimu.

Safu nyingine ni ya bosi: aliyemwajiri kocha huyu bado yupo? Michael Malone aliajiriwa Denver mwaka 2015, enzi za Tim Connelly. Connelly akahamia Minnesota 2022, Calvin Booth akashika usukani. Ubingwa ukaja 2023. Aprili 2025, zikiwa zimebaki mechi tatu tu za msimu wa kawaida, Malone na Booth wakaondolewa siku moja. Casey naye alikuwa amerithiwa na Masai Ujiri, ambaye hakuwa aliyemwajiri. Safu hii peke yake haitoshi, maana wapo mameneja wanaomfukuza kocha waliyemchagua wenyewe ili wajinunulie muda. Lakini kocha aliyerithiwa namwongezea alama ya hatari bila kusita.

Urefu wa mkataba niliuandika, kisha nikaacha kuupa uzito. Monty Williams alisaini Detroit miaka sita kwa dola milioni 78.5, akashinda mechi 14, akaja rais mpya wa masuala ya kikapu, na Williams akaondoka baada ya msimu mmoja tu. Mkataba mrefu unalinda pesa za kocha, kiti haukilindi.

Na wale wanaodumu? Gregg Popovich alikaa San Antonio kuanzia Desemba 1996 hadi Mei 2025, lakini kumbuka kwamba alipoanza yeye ndiye aliyekuwa meneja mkuu. Alimwondoa Bob Hill na kujipa timu mwenyewe. Erik Spoelstra ni kocha mkuu wa Miami tangu 2008, chini ya rais wa timu, Pat Riley, yule yule aliyemkabidhi kiti. Nyota wao LeBron James alipoondoka 2014, Miami walikosa hata mechi za mtoano msimu uliofuata, Spoelstra akabaki, na Januari 2024 akapewa miaka minane mingine. Wenzangu husema ni uwezo wake. Sibishi, lakini Budenholzer naye anao uwezo. Asichokuwa nacho ni bosi asiyebadilika.

Jedwali lilipimwa vizuri Juni 2025. New York Knicks walifika fainali ya Kanda ya Mashariki kwa mara ya kwanza tangu 2000, na siku chache baada ya kutolewa wakamtimua Tom Thibodeau. Katika kundi letu wengi walikasirika. Safu ya bosi ilikuwa inamlinda: Leon Rose ndiye aliyemwajiri 2020 na bado alikuwepo. Ila Knicks walikuwa wametoa haki tano za raundi ya kwanza kumpata Mikal Bridges, na kikosi kilikuwa hakina pa kupanulia. Safu ya kitu cha kubadilisha ndiyo iliyoshinda, nami nilikuwa nimempa nafasi ya kati, si ya usalama. Kiti chake akapewa Mike Brown, aliyetimuliwa Sacramento Desemba iliyotangulia, chini ya miaka miwili tangu ashinde tuzo ya kocha bora kwa kura zote.

Kilichobaki kilikuwa kukisia lini. Hapo nikaongeza safu ya mwisho: nani anakaa pembeni yake kwenye benchi? Katikati ya msimu timu hufukuza kwa urahisi zaidi ikiwa mrithi tayari yumo ndani. Lakers walipomwondoa Paul Westhead Novemba 1981, Riley alikuwa msaidizi wake. Ubingwa ukaja 1982. Cleveland walikuwa na Tyronn Lue nyuma ya Blatt, nao wakatwaa 2016. Denver walikuwa na David Adelman, Sacramento na Doug Christie. Memphis waliachana na wasaidizi kadhaa wa Taylor Jenkins baada ya msimu wa 2023-24, wakamleta Tuomas Iisalo kutoka Paris, na Machi 2025 Iisalo akawa ndiye kocha. Siku hizi orodha ya wasaidizi ikitangazwa naisoma kabla ya ratiba ya mechi, na nikiona ofisi imemwekea kocha mkuu msaidizi ambaye hakumchagua mwenyewe, napaka jina lake rangi nyekundu hapo hapo.