Mwili wa binadamu na ndoto ya kuhamia angani

Tangu Novemba 2000 haijapita siku ambayo Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kinachoizunguka Dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, kimekaa bila watu, na kwa hiyo swali la iwapo binadamu anaweza kuishi huko nadhani limekwisha kujibiwa. Linalonisumbua mimi ni muda. Mtu asiyehisi uzito wake hupoteza takriban asilimia 1 ya mifupa ya nyonga kila mwezi, ndiyo maana wanaanga hufanya mazoezi karibu saa 2 kwa siku, wakiwa wamefungwa mikanda kwenye mashine ya kukimbilia ili wasielee. Mwanaanga wa Urusi Valeri Polyakov alikaa siku 437 mfululizo katika Mir, kituo cha anga cha Urusi, na aliporejea mwaka 1995 alitembea mwenyewe hatua chache kutoka kwenye chombo hadi kitini. Hatua hizo hunipa matumaini kuliko hotuba zote za kuhamia sayari ya Mirihi. Maji nayo yanatia moyo, kwani jasho na mkojo (naam, mkojo) husafishwa na kunywewa tena. Mionzi ya anga za juu, hata hivyo, bado haijapatiwa kinga ya kuridhisha, na safari ya Mirihi, kwa vyombo vya sasa, huchukua miezi 6 hadi 9 nje ya ngao ya sumaku ya Dunia inayotukinga na mionzi hiyo.