Mikindani mara ya pili: daftari, maji kupwa na safari tatu

Mikindani, Mtwara, Jumatatu usiku

Leo saa mbili asubuhi nimeikuta ghuba haina maji. Nilifika jana jioni nikiwa hoi kwa safari ya basi kutoka Dar, nikalala bila hata kufungua begi, na nilipoamka nikashuka ufukweni kabla ya chai. Bahari ilikuwa imekupwa mpaka mbali. Mitumbwi imelala ubavu kwenye tope, na wanawake watatu wameinama huko mbele, khanga zimefungwa magotini, wanachokoa na kutia ndooni. Nilisimama pale karibu nusu saa.

Miaka mitatu iliyopita nililala hapa siku tano, na sikumbuki kuiona ghuba hii ikiwa kavu. Nilikuwa natoka alfajiri na kurudi usiku. Siku moja Lindi, siku nyingine Masasi, nikapita njia panda ya Mingoyo mara nne ndani ya siku mbili. Kesho yake Msimbati, kisha Newala. Safari ya Newala ndiyo iliyonitia adabu. Wakati wa kurudi gari liliharibika, tukakaa kando ya barabara kwa saa nyingi tukisubiri jingine, na nilipogonga mlango hapa ilikuwa saa saba usiku. Mama mwenye nyumba alikuwa macho, amekaa barazani na shuka mabegani, ananisubiri. Nikamwamkia kwa aibu. Akaitikia marahaba, akaniwekea maji ya kuoga, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani ulikuja Mikindani, au ulikuja kulala?"

Swali lile nimeishi nalo miaka mitatu, na ndilo limenirudisha.

Kwa hiyo usiku huu nimekaa barazani palepale na daftari, napanga upya. Nimejiwekea masharti mawili. La kwanza, nirudi kabla ya magharibi, nikute watu bado wako nje. La pili, kila safari iwe imetokana na kitu nilichokiona hapahapa mjini. Kama Mikindani haijanituma, siendi.

Sharti la pili limenisumbua mchana kutwa, lakini limenifundisha kutazama. Nilipita vichochoro vya nyuma polepole. Kuna ukuta mmoja ambao chokaa yake imebanduka, na ndani yake mawe ya matumbawe yako wazi. Nilisogeza uso karibu kabisa. Kila jiwe limejaa vitundu vyenye umbo la nyota ndogo, vingine vingali na chembe za mchanga. Ukuta huo ni bahari iliyopandishwa nchi kavu ikawa nyumba. Juu yake pana roshani ya mbao iliyoinama, chini mlango wa nakshi umefungwa kwa kufuli jipya. Nyumba za namna hiyo ni nyingi hapa, na nyingi zimekwisha kuanguka. Inaniuma kuona mti umeota sebuleni mwa mtu.

Boma la Wajerumani limesimama vizuri pale juu, jeupe, la mwaka 1895. Ukilitazama, kisha ukatazama mtaa uliolala chini yake, unajiuliza ukubwa ule wa Mikindani umekwenda wapi. Basi kulifuata jibu ndiyo safari yangu ya kwanza, kesho: Mtwara mjini, kilomita kama kumi tu kwa daladala. Mlango wa ghuba ya Mikindani ni mwembamba, meli kubwa haziuwezi. Waingereza walipoanzisha mpango wao mkubwa wa karanga mwaka 1947 walitaka bandari yenye kina, wakaichagua Mtwara, na reli ya Nachingwea ikaja kufikishwa huko. Mpango ukavunjwa mwaka 1951. Reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ikabaki, na sasa msimu wa korosho huipa shughuli nyingi. Safari ile nilipita Mtwara kubadilisha gari tu. Kesho nataka niingie kanisa la Mtakatifu Paulo, Majengo, nitazame michoro ya padri Polycarp Uehlein iliyojaza kuta, kisha nivuke kwa kivuko kwenda Msangamkuu na kurudi. Mchana nile ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, nikiikuta kwa wachuuzi. Saa tisa niwe nimeshapanda gari la kurudi.

Ya pili, Jumatano, ni Msimbati. Hii imenituma kwa sababu ya Livingstone. Mwaka 1866 alitokea hapa Mikindani kuanza safari yake ya mwisho, na ngamia na nyati na punda, akaelekea mto Ruvuma. Katika msafara ule walikuwemo Chuma na Susi, ambao baada ya yeye kufariki mwaka 1873 waliubeba mwili wake, wao na wenzao, mpaka Bagamoyo. Mimi nawawaza hao wawili zaidi. Walisimama kwenye ufuko huu huu hawajui watarudi na nini mabegani. Msimbati iko upande ule wa kusini, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, na njiani unapita Madimba panaposafishwa gesi iendayo Dar. Nitaondoka mapema, kwa kuwa usafiri wa huko hauaminiki mchana ukishapinda. Kama hadi saa tatu sijapata gari Mtwara, nitaahirisha, na sitakodi bodaboda kwa hasira kama safari ile.

Ya tatu ni Lindi, Ijumaa au Jumamosi. Kuwawaza hao waliombeba Livingstone kumenikumbusha wapagazi wengine. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kilima cha Tendaguru, msimamizi wa wachimbaji akiwa Boheti bin Amrani, na zaidi ya tani 200 zikabebwa kwa vichwa na mabega vya watu mpaka bandari ya Lindi. Leo mnyama mmoja amesimama Berlin, kimo chake kinapita mita kumi na tatu. Tendaguru yenyewe nilikuwa nimeiandika kwenye orodha, nimeikata. Kutoka hapa kwenda na kurudi siku moja ni kujitesa, na ukifika utakuta kilima na msitu. Nitakwenda Lindi nikae ufukweni mzigo ulipofikia, nitazame ng'ambo ya Kitunda. Kwa kweli hilo linanitosha. Kusimama barabara kuu hapa Mikindani na kudaka gari linalotoka Mtwara ni rahisi, mradi utoke mapema.

Newala nimeikata pia, na hiyo nimeikata kwa uchungu. Shimo la Mungu, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla na ukaona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo, nililitazama kwa dakika kumi tu safari ile, dereva akipiga honi. Mahali kama pale panataka ulale, uamke na baridi yake, uone ukungu ukiondoka bondeni. Nitaipa safari yake peke yake. Masasi na Lupaso, alikozikwa Rais Mkapa, nitaziunganisha na hiyo hiyo.

Alhamisi nimeiacha tupu. Niliposoma mpango wangu kwa sauti, mama alisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele, kisha akauliza mbona Alhamisi haina kitu. Nikamwambia ni siku ya kukaa. Akatazama mwezi, ambao umebakiza kidogo kuwa mpevu, akasema Alhamisi ni bamvua, maji yatatoka sana asubuhi, saa nne atashuka na wenzake mpaka kule kwenye miamba ambako siku nyingine hakufikiki.

"Unaweza kuinama muda mrefu?" akaniuliza.

Nikasema nitajaribu.

Ameingia ndani sasa hivi, ametoka na ndoo ndogo ya bluu na raba za zamani za mwanawe, ameziweka karibu na mlango.