Nilivyoijenga upya tovuti yangu ya mapambo ya nyumba bila kuwapoteza wasomaji

Kwenye tovuti yangu nimeandika makala 214 kuhusu kupamba nyumba. Nyingi nimewaandikia watu wa nyumba za kupanga hapa Kisumu: yule ambaye mwenye nyumba hataki kusikia drili ikigusa ukuta, na yule wa chumba kimoja Manyatta ambaye sebule, jikoni na kitanda vyote vinatazamana. Nilianza mwaka 2017. Mwaka huu niliona imechakaa, nikaamua kuijenga upya, na nusura niwapoteze wasomaji wote usiku mmoja kwa kusikiliza ushauri mbaya.

Fundi niliyempa kazi alikuwa na maneno matamu. Ukurasa wa mbele uwe na picha tano kubwa zinazopishana zenyewe. Maandishi yawe membamba, ya kijivu, juu ya weupe. Anwani za kurasa zifupishwe, na majina ya makala yabadilishwe. Nikamuuliza, na wale waliotunza viungo vya zamani je? Akanijibu, "Madam, watu hawarudi kwa vitu vya zamani." Nikakubali, na kukubali huko kunaniuma mpaka leo.

Tukafungua Ijumaa saa tatu usiku. Saa nne simu yangu haikuwa na utulivu. Msomaji wa Kakamega alikuwa ametunza kiungo cha makala ya kutundika mapazia bila kutoboa ukuta. Anabonyeza, anapata 404, yaani ukurasa haupatikani. Wa Kondele naye, 404. Makala hiyo ndiyo inayosomwa kuliko zote. Watu wameitumiana kwenye WhatsApp miaka na miaka, na kila kiungo walichotumiana kilikuwa kimekufa. Nikampigia fundi, simu imezimwa. Usiku ule nilikaa peke yangu nikairudisha tovuti ya zamani kutoka kwenye nakala niliyokuwa nimeiweka kwenye diski yangu, nikamaliza saa tisa usiku. Hata ukihakikishiwa kwamba seva, ile kompyuta inayobeba tovuti, inajihifadhi yenyewe, weka nakala yako nyumbani.

Jumamosi fundi akaja na dawa yake: viungo vyote vya zamani vielekezwe ukurasa wa mbele. Hapo nilikataa kabisa. Mtu anakuuliza kibanda cha mapazia kiko wapi, nawe unamwacha langoni Kibuye, siku ya Jumapili, soko limefurika! Hata Google huona elekezo la namna hiyo kama ukurasa uliokosekana tu. Nikafungua jedwali: kushoto anwani ya zamani, kulia anwani mpya, mistari 214. Jioni tatu. Kila mstari ukapata elekezo la 301, linaloziambia simu na Google kwamba ukurasa umehama kabisa. Kuna 302 pia, lakini hiyo ni ya kuhama kwa muda, usizichanganye. Makala 19 nilikuwa nimeziunganisha na nyingine, basi kila moja nikaielekeza kwenye ile iliyoimeza. Kisha nikavibonyeza viungo vyote, kimoja kimoja, na ndipo nilipogundua sita nilivyokosea herufi.

Picha ndizo zilizofuata. Nilikuwa nikizipandisha vile zilivyotoka kwenye simu, upana wa pikseli 4000, kila moja megabaiti nne au tano. Mtu aliyenunua bando dogo anafungua picha mbili za sofa, karibu megabaiti kumi zimekwenda. Nikazipunguza zote hadi upana wa pikseli 1200 na kuzigeuza kuwa WebP, aina ya faili jepesi la picha, nyingi zikashuka chini ya kilobaiti 150, na rangi haijapotea. Nilikuwa nimefurahi sana mpaka dada yangu alipofungua kwa iPhone 6 yake na kuona visanduku vitupu. iPhone hazikusoma WebP mpaka iOS 14, mfumo wake wa mwaka 2020, na iPhone 6 haikufika huko. Basi kila picha nikaiwekea pembeni nakala ya JPEG, aina ya zamani ya picha, simu ichague inayoiweza. Zile picha tano za kupishana niliziondoa, nikabakiza moja.

Lakini kilichoiokoa kazi hii kweli ni Jumapili moja Kibuye. Kuna mama anayeshona mapazia pale, msomaji wangu wa tangu zamani, simu yake ni ndogo na kioo kina ufa. Nilimpelekea soda, nikamfungulia tovuti mpya, nikamwomba kitu kimoja tu: "Mama, nitafutie makala ya kupima mapazia." Kisha nikaikalia mikono yangu nisije nikamwonyesha. Akapandisha, akashusha. Akapandisha tena. Dakika zinapita, wateja wanapapasa vitambaa, mimi nimebana midomo. Mwisho nikamgusia ile mistari mitatu ya pembeni juu inayofungua menyu. Akanitazama. "Hii? Nilijua ni urembo tu."

Akaibonyeza. Ndani fundi alikuwa ameandika Mitindo, Msukumo, Nafasi. Mama akauliza, "Sasa pazia ni msukumo au ni nafasi?" Sikuwa na jibu. Na jua la saa sita lilipopiga kile kioo, maandishi ya kijivu yakapotea yote, akalazimika kuifunika simu kwa leso ili asome.

Jioni hiyo hiyo niliitoa ile mistari mitatu, nikaandika majina waziwazi juu ya ukurasa: Mapazia, Rangi, Sebule, Jikoni, Chumba Kimoja. Maandishi nikayatia weusi. Kuna kipimo cha kimataifa kinachotaka tofauti ya maandishi na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1, na yale ya kijivu hayakufika hata 3. Mama yule mwenyewe alinirekebishia makala: nilikuwa nimeandika kitambaa kitoshe upana wa dirisha, akasema pazia la hivyo linaning'inia kama shuka kwenye kamba. Fimbo ya mita 2 inataka kitambaa cha mita 4 ndipo mikunjo ikae. Nimeiandika hivyo, na nimesema nimefundishwa na fundi wa Kibuye.

Safari hii nilifungua Jumanne saa mbili asubuhi, watu wa seva wakiwa kazini na mimi nimekwisha kunywa chai. Gharama yote, ukiweka fundi, bando na boda za kwenda na kurudi, ilipita elfu hamsini hivi. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumtumia yule msomaji wa Kakamega kiungo chake kile kile cha zamani, bila kubadilisha hata herufi. Baada ya robo saa akanirudishia picha ya dirisha lake: pazia la kijani limetundikwa, ukuta hauna tundu. Chini yake akauliza kama viti vilivyosukwa kwa gugumaji, lile gugu la ziwani, vinafaa kwa mtu mwenye watoto wadogo. Nimeanza kumwandikia makala ya 215.